Raba za kukimbilia milimani: kinga kiasi gani, wepesi kiasi gani

Maswali huja yale yale. Ninunue raba nene au nyembamba? Yenye bamba chini (karatasi ya plastiki ngumu ya kuzuia mawe) au isiyo nalo? Hii ya mtumba itanifaa mlima Longonot kule Kenya? Wengi wanaouliza tayari wanakimbia lami, kilomita tano au kumi za asubuhi, na sasa wameanza kupanda vijia vya milimani wakagundua kwamba raba ya lami huko inateleza, inachomwa na miba na kuchakaa upesi. Mwongozo huu ni wao. Nimeuandika nikifikiria zaidi vijia vya miteremko ya Meru juu ya Arusha, upande wa Ilboru na Ng'iresi, lakini hatua ni hizo hizo ukiwa Lushoto, Morogoro, Ngong au msitu wa Karura.

Elewa jambo moja kabla hatujaanza. Kila kinga unayoongeza chini ya unyayo inadai malipo. Mguu unachelewa kusikia ardhi, kifundo kinapanda juu zaidi na hivyo kupinduka kwa urahisi, na kiatu kinakuwa kizito. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, nguvu unayotumia kukimbia inapanda kwa takriban asilimia 1. Inaonekana ndogo, lakini ibebe kilomita ishirini za kupanda na kushuka uone. Kwa hiyo usinunue kinga kwa hofu tu. Nunua kinga dhidi ya kitu unachoweza kukitaja, kilicho kwenye njia yako. Zaidi ya hapo, iache dukani.

Utakachohitaji

- Raba yako ya zamani, hata kama imekufa
- Soksi utakazokimbia nazo, si zile nyepesi za ofisini
- Karatasi, kalamu na rula
- Mizani ndogo ya jikoni, ukiipata
- Kokoto moja yenye ncha, ukubwa wa njugu mawe au zaidi kidogo. Itie mfukoni uende nayo dukani, tutaitumia
- Jioni moja isiyo na haraka

Hatua ya 1: Orodhesha maadui wa njia yako

Usianze na kiatu. Anza na njia unayoikimbia mara nyingi, si ile ya ndoto zako. Ipite kwa miguu ukitazama chini, kisha uandike: mawe yapo wapi, na ni ya mviringo au makali? Kuna miba? Ni udongo gani, na mvua ikinyesha unakuwaje? Miteremko mikali ni sehemu gani ya njia, nusu au robo? Kuna mto wa kuvuka?

Majibu hutofautiana sana, hata kwa njia zilizo jirani. Juu ya Ilboru kijia kinapita katikati ya migomba na kahawa. Kiangazi ni vumbi laini, masika yakija ni utelezi mtupu, na miba ni ya kubahatisha. Shuka upande wa Monduli ukute mbuga kavu yenye migunga, ambako tope si tatizo kwa sehemu kubwa ya mwaka lakini mwiba mmoja unaweza kuzidi urefu wa kidole chako cha kati. Longonot njia ni jivu na changarawe za volkano zinazobomoka chini ya mguu, na ukifika juu kuna mzunguko wa kilomita 7 hivi kwenye ukingo wa kreta, mahali pengine pembamba. Usambara ni mfinyanzi mwekundu na mizizi. Karura, kwa sehemu kubwa, ni barabara ya murram iliyoshindiliwa vizuri. Mtu wa Karura anayenunua raba ya Longonot anabeba mzigo bure.

Hatua ya 2: Isome raba yako ya zamani

Igeuze. Soli imelika upande gani? Kama ni ukingo wa nje wa kisigino pekee, hilo ni la kawaida kwa wengi. Kama imelika chini ya vidole, unakimbilia mbele ya mguu, na kinga yako inapaswa kuwa mbele, si kisiginoni. Tazama na kitambaa cha juu: kimetoboka karibu na kidole kidogo? Basi kiatu kilikuwa chembamba kwako, na hakuna bamba wala sponji litakalotibu hilo.

Hatua ya 3: Pima mguu jioni

Mguu huvimba mchana kutwa, na huvimba zaidi ukikimbia. Pima jioni, umevaa soksi, umesimama uzito wote ukiwa juu ya mguu huo. Chora mguu kwenye karatasi, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi (si lazima kiwe kidole gumba), rudia mguu wa pili, kisha fuata ulio mkubwa. Ongeza sentimita 1 hivi. Mguu wa sentimita 26 uanze kujaribu raba yenye alama ya 27.

Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani hupishana kutoka kampuni hadi kampuni. Kibandiko kilicho nyuma ya ulimi wa kiatu mara nyingi kina kipimo cha sentimita. Anza na hicho.

*Kosa la kawaida:* kununua raba inayobana ukitumaini itaachia. Kitambaa huachia kidogo kwa upana. Kwa urefu hakiachii, na kwenye mteremko kucha zako ndizo zitakazolipa.

Hatua ya 4: Amua kinga, moja moja

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu muuzaji anaongelea kinga kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vinne, na unaweza kuchukua kimoja ukaacha vingine.

*Unene wa sponji.* Raba za milimani huwa na soli ya milimita 20 hadi 35 hivi chini ya kisigino, na nyingine huzidi hapo. Wengi hudhani unene ni kwa ajili ya njia ngumu. Si hivyo: unene ni kwa ajili ya muda mrefu. Mashindano ya mbio za milimani ya UTMB pale Chamonix, Ufaransa, ni zaidi ya kilomita 170 na kupanda karibu mita 10,000. Anayekimbia usiku na mchana hivyo anahitaji sponji kwa sababu misuli yake imechoka kabisa na nyayo zimewaka. Wewe unayetoka kwa saa moja na nusu Jumamosi huna shida hiyo. Kwa mbio za chini ya saa mbili, milimita 20 hadi 28 zinamtosha mtu wa uzito wa wastani, na ardhi utaisikia. Ukiwa na uzito mkubwa au ukitoka kwa saa nne, panda juu kidogo.

*Bamba.* Ni karatasi nyembamba ya plastiki ngumu iliyowekwa kati ya sponji na soli ya chini, kwa kawaida sehemu ya mbele. Kazi yake ni kutawanya ncha ya jiwe isikuchome mahali pamoja. Uzuri wake ni kwamba inakupa kinga dhidi ya mawe bila kukupandisha juu. Raba nyembamba yenye bamba mara nyingi ni bora kuliko raba nene isiyo nalo, kwa njia fupi yenye mawe makali. Ubaya wake ni kwamba kiatu hakijikunji vizuri mbele, na kwenye mawe yenye maji utahisi unakanyaga ubao.

Usilichanganye na bamba la kaboni la raba za mashindano ya lami. Lile limewekwa ili kusukuma hatua mbele, si kuzuia mawe, na raba zake zina soli nene na laini. Kuzipeleka kwenye kijia chenye makorongo ni kujitafutia kifundo kilichoteguka.

*Miba.* Hapa niwe mkweli: raba nyingi zinazouzwa hazikuwazia migunga. Zimebuniwa kwa mawe ya Ulaya na misitu ya Marekani. Sponji nene halizuii mwiba mrefu, linauchelewesha tu. Mwiba unakatikia ndani, halafu kila hatua inausukuma juu, na baada ya kilomita kadhaa unaukuta unyayoni. Bamba linasaidia, lakini huishia katikati ya mguu, na kisigino kinabaki wazi. Makatambuga ya tairi wanayovaa wafugaji yanazuia miba kuliko raba yoyote ya laki tatu, ila jaribu kushuka nayo mlima kwa kasi! Kwa njia ya migunga, tafuta soli ya chini yenye mpira uliofunika eneo lote. Epuka zile zenye madirisha ambapo sponji linaonekana wazi.

*Kinga ya vidole na kitambaa cha juu.* Kipande cha mpira mbele ya vidole kina gramu chache na kinaokoa kucha nyingi. Kichukue. Kitambaa kinachozuia maji, Gore-Tex na mfano wake, kiache. Kina maana kwenye theluji na baridi. Kwetu maji huingia kwa juu unapovuka kijito, na yakiingia hayatoki. Kitambaa chenye matundu kinamwaga maji ndani ya dakika chache.

Hatua ya 5: Chagua meno ya soli

Kwa murram na ardhi ngumu, meno ya milimita 2 hadi 4. Kwa njia mchanganyiko, 4 hadi 5. Kwa tope la masika, 5 na kuendelea, tena yawe yameachana. Meno yaliyosongamana hujaa udongo hatua ya kumi tu, na kuanzia hapo unakimbia na soli laini kama huna meno kabisa. Wanaokimbia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa kandokando ya Nairobi kuelekea Athi, wanaujua mzigo huo.

Mpira wenyewe nao ni muhimu. Ukwaruze kwa kucha. Ulio laini unashika mawe yenye maji lakini unalika upesi kwenye lami. Mgumu unadumu lakini unateleza. Vibram, kampuni ya soli ambao alama yao ya manjano utaiona chini ya raba za kampuni nyingi, wanatengeneza mipira ya aina nyingi, kwa hiyo alama peke yake haikuambii kila kitu. (Mwanzilishi wao, Vitale Bramani wa Italia, alianza kutafuta soli ya mpira yenye meno baada ya wapanda mlima wenzake kufa mlimani mwaka 1935. Hadi wakati huo wapanda mlima wengi walivaa soli za ngozi zenye misumari.)

*Kosa la kawaida:* kununua meno marefu kwa ajili ya masika kisha kukimbia nayo lami kilomita tatu kila siku ili kufika njiani. Yatakwisha kabla ya mvua. Pia meno marefu kwenye ardhi ngumu yanayumba chini yako, na wepesi wote unapotea.

Hatua ya 6: Pima wepesi kwa mikono

Kabla hujavaa, fanya haya manne.

Kwanza, kunja mbele. Kiatu kijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kikijikunja katikati, kirudishe.

Pili, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, usokote kama unakamua nguo. Kikisokoteka kidogo kwa upinzani, ni kizuri: kitafuata umbo la jiwe. Kisiposokoteka hata kidogo, kitaukokota mguu mzima kwenda upande jiwe linakotaka.

Tatu, bonyeza kikombe cha kisigino. Kiwe imara kiasi cha kuushika mguu, kisiwe kigumu kama kiatu cha shule.

Nne, kipime uzito. Gramu 230 hadi 270 kwa saizi ya 42 ni nyepesi. 280 hadi 310 ni ya kawaida kwa kazi nyingi. Ikizidi 330, muulize muuzaji uzito huo unalinda nini. Kama jibu halimo kwenye orodha yako ya hatua ya 1, endelea kutafuta.

Hatua ya 7: Vaa ujaribu, na kokoto yako

Vaa viatu vyote viwili, kamba zimefungwa. Weka ile kokoto sakafuni, uikanyage kwa mbele ya mguu, polepole, uzito wote. Kuna majibu matatu. Ukisikia ncha inakuchoma, kinga haitoshi kwa njia ya mawe. Ukisikia uvimbe lakini hauumi, hapo ndipo penyewe. Usiposikia chochote, kiatu kimezidi: kwenye kijia hutajua umekanyaga nini hadi kifundo kikuambie.

Halafu simama kwa mguu mmoja, fumba macho, hesabu hadi ishirini. Rudia bila kiatu. Kama pekupeku umetulia lakini ndani ya kiatu unayumbayumba, soli ni nene mno kwako, au laini mno. Soli nene hutengenezwa pana ili kufidia hilo, na kwenye barabara ya msituni inasaidia kweli. Kwenye kijia kilichochimbwa na maji hadi kikawa mfereji, upana huo unagonga kingo.

Mwisho tafuta ngazi au mteremko wowote nje ya duka, ushuke kwa kukimbia. Vidole visiguse mbele. Kisigino kisipande.

Hatua ya 8: Kama ni mtumba

Wengi wetu tunanunua huko, Memorial pale Moshi, Gikomba au Toi kule Nairobi, na raba nzuri zipo. Lakini meno yanaweza kuwa mapya huku sponji likiwa limezeeka. Bonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba: lirudi. Tafuta mikunjo midogo mingi ubavuni, ni dalili kwamba limeshashindiliwa. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kama kimeinama upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza ameacha hatua zake humo. Vuta ukingo wa soli ya chini mbele na nyuma, maana gundi iliyokauka huachia mara ya kwanza ikikutana na tope. Chomoa soli ya ndani uingize mkono, upapase miba iliyobaki.

Fundi viatu anaweza kukushonea soli iliyoachia. Mwambie achimbe mfereji mdogo ili uzi uzame ndani, la sivyo mawe yataukata wiki hiyo hiyo. Na ajue kwamba hushoni kiatu cha ofisini: uzi ukikazwa mno mbele, kiatu hakijikunji tena.

Hatua ya 9: Funga kamba kwa ajili ya kushuka

Matundu mawili ya juu kabisa kila upande yana kazi. Pitisha kamba kutoka tundu la pili hadi la juu upande ule ule, ibaki kitanzi. Fanya hivyo pande zote, kisha pitisha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwenda chini, funga. Kisigino kitakaa mahali pake. Sehemu ya vidole iache ilegee kidogo. Njia hii inabadilisha raba ya kawaida kuliko watu wanavyoamini, na haina gharama.

Hatua ya 10: Izoee polepole

Anza na kilomita tano kwenye njia unayoijua. Ukitoka kwenye raba ambayo kisigino kimeinuka milimita 10 ukaingia kwenye iliyo sawa mbele na nyuma, kama nyingi za kampuni ya Altra, misuli ya nyuma ya muundi itanyooshwa kuliko ilivyozoea. Changanya raba mbili kwa wiki tatu au nne. Usiivalie raba mpya siku ya mashindano.

Matatizo na tiba zake

*Kucha zinakuwa nyeusi.* Mguu unateleza mbele ukishuka. Funga kwa hatua ya 9 kwanza. Isipotosha, kiatu ni kifupi.

*Mguu unacheza ndani kwenye mteremko wa ubavuni.* Kitambaa ni kipana mno kwako. Soksi nene au soli ya ndani nyingine itasaidia kiasi. Bamba na sponji havihusiki hapa.

*Kifundo kinateguka mara kwa mara.* Kabla ya kununua kiatu cha kupanda mlima kinachofunika kifundo, jaribu raba ya chini zaidi na nyembamba, ufupishe hatua, na ufanye zoezi la kusimama mguu mmoja kila siku. Kifundo kikivimba na usiweze kukikanyagia, nenda hospitali, usikimbilie dawa ya kuchua.

*Nyayo zinawaka baada ya saa moja.* Njia ina mawe kuliko ulivyodhani, au sponji limekufa. Sponji nyingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800, hata kama meno bado yapo. Ukiwa na raba nyingine mpya, vaa moja kila mguu utasikia tofauti.

*Malengelenge kisiginoni.* Kamba, halafu soksi, halafu kikombe cha kisigino. Angalia kwa mpangilio huo.

*Tope linaganda.* Ongeza nafasi kati ya meno, si urefu. Njiani, piga ncha ya kiatu kwenye jiwe au mzizi kila unapopata nafasi.

*Soli inaachia.* Mara nyingi chanzo ni kukausha karibu na jiko au kwenye jua kali. Osha kwa maji ya kawaida, toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo.

*Kitu kinachoma lakini hukioni.* Ni mwiba uliokatikia kwenye sponji. Ingiza mkono ndani, bonyeza kwa chini huku ukikunja kiatu hadi ncha itokeze, uuvute kwa koleo. Usipoupata wote, usikitoe kiatu hicho nje tena mpaka uupate.